Binti Yangu Anabiringika Angani na Radhi Yangu Bado Nimeikalia

Mpendwa Bi Müzeyyen,

Naomba msaada wako, na naomba unisamehe mwandiko, maana mikono hii imezoea kukanda unga kuliko kushika kalamu, lakini nisipoandika leo nitapasuka, kwa sababu ufuko mzima hapa Ölüdeniz umenigeuka, mume wangu kanigeuka, hata Gülizar muuza mahindi, ambaye meza yake na yangu zimegusana miaka nenda miaka rudi, jana kanipa mgongo, na kosa langu ni moja tu, kwamba nampenda mwanangu kuliko wote hao wanavyompenda.

Mimi napika gözleme, mikate yetu myembamba ya mchicha na jibini, pale pale wanapotua warukaji wa miavuli wanaojirusha kutoka Mlima Babadağ, kwa hiyo miguu ya watu inanipita juu ya kichwa tangu asubuhi mpaka jua linapozama, na binti yangu Yonca alikulia chini ya meza yangu ya unga akitazama juu, shingo kaikunja nyuma kama kuku anayekunywa maji. Alipokua akawa rubani wa mwavuli wa kubeba wageni, akawashusha salama, wakalia kwa furaha, wakamkumbatia, kisha wakaja kwangu na njaa yao, na mimi nikasema maisha ni nini tena kama si haya. Ndipo akaanza ule wazimu mwingine.

Maana wapo wanaoruka ili washuke, na wapo wanaoruka ili wajipindue. Hao wa pili wana mwavuli mdogo, mkali, wanauvuta breki upande mmoja mpaka unakasirika, halafu wanajirusha, mwili unapanda juu ya mwavuli wenyewe, unapita, unashuka upande wa pili, unapanda tena, gurudumu tupu, na Yonca anasema huko ndiko kubiringika, nalo ni jambo la kawaida. Kuna mtindo mwingine ambao mwavuli unalala bapa na kuzunguka juu ya kichwa chake kama sinia kwenye kidole. Hatari yake sihitaji kuambiwa na mtu, naiona mwenyewe kutoka hapa nilipo: kamba zinajisokota mpaka breki hazivutiki, mwavuli unaporomoka kama shuka iliyochomoka kwenye kamba ya nguo, wengine wanaangukia ndani ya kitambaa chao wenyewe wakafungwa kama andazi kwenye karatasi. Ndiyo sababu wanafanyia juu ya bahari, boti ikiwangoja chini, na ndiyo sababu kila mmoja kiunoni ana mwavuli wa akiba, mweupe, ambao mambo yakiharibika anauvuta na kuutupa mbali naye ili ufunguke umteremshe.

Sasa desturi yetu unaijua, Bi Müzeyyen. Mtu akienda jeshini, akisafiri, akiingia chumba cha upasuaji, anaomba ahalalishiwe: haki ulizo nazo juu yangu, nihalalishie. Na hawa warukaji wetu, pamoja na nywele zao ndefu na miwani yao ya rangi, hawajaribu mtindo mpya bila kuzunguka kwanza na kuombana. Yonca alipokuwa anataka kubiringika mara ya kwanza alituomba mimi na baba yake. Baba yake, Sabri, akasema, "Halali, mwanangu, halali," bila hata kuiweka chini gilasi ya chai. Mimi nikakataa.

"Mama, wenzangu wote wameshanipa, umebaki wewe tu."

"Na nitabaki mimi tu."

"Kwa hiyo ndiyo unanilaani?"

"Nani kakulaani? Nenda karuke! Ila maziwa yangu uliyonyonya sijakuhalalishia. Ukiyataka, shuka mzima mzima, uje ugombane na mimi hapa hapa mezani."

Watu wanadhani ni roho mbaya, lakini sababu ninayo. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema malaika wa kutoa roho hamgusi mtu ambaye bado ana deni la maziwa ya mama yake shingoni, lazima arudishwe kwanza amalize hesabu na mamaye. Basi mimi nikamfunga mwanangu kwa kamba hiyo, kamba ambayo haijisokoti, na kila alipopanda mlimani nilijua nimeishika mwisho wake. Na kwa nyongeza nikamwambia, siku nitakapouona ule mwavuli mweupe umefunguka juu ya maji, siku hiyo hiyo ndiyo mwisho wa mchezo, utavaa aproni urudi kwenye unga, maana mzazi lazima awe na msimamo.

Na kamba yangu imefanya kazi, usibishe! Mwezi Agosti alikuwa anafanya mazoezi, mwalimu wao Oktay amesimama karibu na meza yangu na redio yake mkononi, na mara nikaona Yonca katoka vibaya kwenye ule mzunguko, kamba zimejisokota kama nywele zilizosukwa, anaanguka huku anazunguka, na Oktay akaanza kupiga kelele redioni, "Tupa, Yonca! Tupa! Tupa, binti, tupa!" Hakutupa. Alipiga mateke hewani, akajizungusha kinyume, maji yanamjia, watu wamesimama, mimi nimeshika kijiti cha kugeuzia mkate nimekivunja, na karibu kabisa na maji, kimo cha mnara wa msikiti, kamba zikaachia, mwavuli ukashika upepo kidogo, akaingia baharini kwa kishindo lakini mzima. Mzee Durmuş akamwopoa na boti yake. Oktay alimfokea mpaka mishipa ikamtoka: "Ulikuwa unangoja nini kule juu? Basi la Fethiye?" Mwanangu hata hakumtazama, alinitazama mimi, maji yanamchuruzika, anacheka, akasema, "Mama, umeona? Sikutupa." Bi Müzeyyen, kifua kilinijaa. Nilimpa mkate wa moto kuliko yote.

Basi ikaja michezo ya Oktoba. Ngoma na zumari tangu asubuhi, watu wamejaa mpaka kwenye kuta, majaji na miwani yao mikubwa, na baharini wameweka jukwaa linaloelea, dogo kama zulia, atakayetua juu yake anaongezewa alama. Mimi niliapa sitazami, nikainamia unga wangu. Gülizar akasema, "Shoga, ni zamu yake." Nikasema sitaki kujua. Akasema, "Amewasha moshi mwekundu miguuni." Nikasema na awashe. Kisha nikasikia watu wote wamenyamaza kwa pamoja, nikainua kichwa, na sikukishusha tena.

Alianza juu sana, akauvuta mwavuli upande mmoja, akajirusha, na ule moshi ukachora duara jekundu mbinguni, na lingine juu yake, na lingine, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti, wakahesabu mpaka wakachoka, na yeye bado anapita juu ya mwavuli wake kana kwamba huko juu ndiko kwao, na mimi niliyeapa sitazami nilikuwa nahesabu kwa sauti kuliko wote. "Mama Yonca, mkate unaungua!" Gülizar ananipigia kelele. "Uache uungue!" Kisha akatoka kwenye mzunguko, safi, hakuna kamba hata moja iliyokwenda upande, akaulaza mwavuli ukazunguka kama sinia, akauamsha, akashuka kwa mwendo akichora maji kwa ncha ya kiatu, akasimama juu ya lile zulia kama mtu anayeshuka kwenye kigoda. Akasimama tu! Nilipiga vigelegele mpaka kitambaa cha kichwa kikaniangukia kwenye unga. Wa kwanza, Bi Müzeyyen. Wa kwanza kati ya wanaume na wanawake, mbele ya watu waliotoka nchi ambazo hata kuzitamka siwezi, binti wa mpika mikate.

Alipovishwa medali alikuja moja kwa moja kwangu, viatu bado vimelowa, watu wakimpisha njia, akauchukua mkono wangu wenye unga, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso wake, akasema, "Mama, sasa nihalalishie." Nami nikasema, "Bado."

Yeye akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ndogo, akavua medali, akaiweka juu ya meza ya unga, akaenda zake. Ipo pale pale mpaka leo, nakanda pembeni yake. Sabri siku hizi anakwenda kunywa chai kwenye meza ya Gülizar ili nimwone vizuri. Mwezi wa nne Yonca anakwenda Hispania, wamemwalika wakubwa wa mchezo huu, na huko chini ya miguu hakuna bahari, ni mawe na misonobari. Amesema ataniomba mara moja ya mwisho, kisha hataniomba tena maishani.

Nifanye nini? Nikiachia kamba yangu halafu yakatokea ya kutokea, si nitakuwa nimemuua kwa mdomo wangu? Nisipoiachia, nimempoteza akiwa hai. Nishauri, na tafadhali usitaje jina langu, sitaki watu wajue ni mimi.

Mama mwenye unga mikononi,
Ölüdeniz

*

JIBU LA BI MÜZEYYEN

Dada yangu mwenye unga, jina lako sikulitaja. Ila umenitajia mume, binti, jirani, mwalimu na mwenye boti, umenionyesha hata meza ilipo. Kama kuna mtu kati ya Ölüdeniz na Fethiye ambaye bado hajakujua, basi huyo hasomi gazeti.

Kwanza hongera. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipojipongeza, sijapaona. Umezaa bingwa, mwanamke wewe! Wenzako wangezunguka sokoni siku ya Jumanne na medali shingoni wakiuliza bei ya nyanya wasizozihitaji. Wewe umeandika kama mtu anayetangaza msiba. Nakupa pole kwa hofu yako, maana hofu ya mama si ya mzaha, na nakupa hongera, na sasa kaa vizuri nikuseme.

Habari ya malaika na maziwa nilimpelekea imamu wa msikiti wa mtaani kwetu. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema siku ya mtu ya kufa haisubiri ruhusa ya mama, ingekuwa hivyo makaburini pasingekuwa na mtu hata mmoja. Bibi yako Mungu amrehemu, alikuwa anajituliza moyo kama unavyojituliza wewe. Hukumshika binti yako kwa kamba yoyote. Siku ile ya Oktoba alishushwa na mikono yake mwenyewe, na jicho lake, na miaka ya kuanguka baharini na kupanda tena mlimani. Unamwibia ushindi wake unaposema ni kamba yako.

Lakini si hilo lililonifanya niache chai yangu ikapoa. Ni maneno machache uliyoyapitisha haraka haraka, eti kwa nyongeza, eti mzazi lazima awe na msimamo. Ulimwambia siku utakapouona mwavuli mweupe, ndiyo siku atakayoacha. Kisha mistari michache chini unaniandikia, kifua kimekujaa, kwamba mwezi Agosti kamba zilijisokota, mwalimu anapiga kelele atupe, na yeye hakutupa.

Hukujiuliza kwa nini hakutupa?

Nilimpigia simu mtu anayefundisha mchezo huu, si Oktay wenu, mwingine wa mbali ambaye hamjui Yonca. Nikamsomea kipande hicho tu. Akasema, "Bibi, mwambieni huyo mama kwamba kubiringika hakuui wengi. Kinachoua ni kuchelewa kutupa." Alinieleza vizuri, na mimi nakueleza wewe. Ustadi wa mchezo huo una sehemu mbili. Moja ni ile mnayoipigia makofi, maduara na moshi. Ya pili haina makofi: ni mtu, huku dunia inamzunguka, kujua mbingu iko wapi na maji yako wapi, kupima hewa iliyobaki chini yake, na hewa ikiwa haitoshi kukata shauri papo hapo. Kamba zikijisokota juu sana, anazisokotoa. Zikijisokota chini, mkono unakwenda kwenye akiba bila kuuliza mtu. Mrukaji mzuri anatupa mapema, akatia aibu kidogo mfukoni, akamnunulia sinia la vitafunio vitamu vya baklava yule aliyemkunjia ule mwavuli na yule aliyemwopoa, wakala, wakamcheka, kesho yake akapanda mlima.

Mkono wa binti yako unauliza kwanza. Unakuuliza wewe. Pale anapoanguka, badala ya kupima maji anakupima wewe na aproni yako. Ile kamba unayojisifu kwamba haijisokoti, dada yangu, ndiyo iliyomzunguka mkono mwezi Agosti. Alipona kwa kimo cha mnara wa msikiti. Hispania hakuna maji ya kumsamehe kimo hicho.

Umeniuliza kama ukimhalalishia halafu akafa utakuwa umemuua. Sitakudanganya kwamba hawezi kufa. Mchezo wake una hatari, wakubwa wake nao wanakufa, na yeye anajua kuliko mimi na wewe. Lakini akifa baada ya kutupa kwa wakati, huo ni mchezo na ni kudra. Akifa mkono wake umekaa juu ya kishikio cha akiba, anafikiri mama atasema nini, hapo usiniandikie, kwa sababu sitakuwa na neno la kukufariji.

Usimwambie aache. Mtu anayetua juu ya kizulia baharini mbele ya majaji, baada ya kuzunguka mpaka watu wakachoka kuhesabu, hakubahatisha. Ana akili, ana mikono, ana moyo wa kushinda, na vyote hivyo hakuviokota barabarani. Umesema mwenyewe mkate uliungua ukamwacha Gülizar apige kelele. Nadhani tunajua amerithi wapi.

Sasa sikiliza utakalofanya, na usingoje mwezi wa nne. Kesho, kabla gari la warukaji halijapanda mlimani, funga meza yako. Ndiyo, funga, wageni hawatakufa njaa. Nenda pale wanapopakia mizigo, usimtume Sabri, usimtume jirani, nenda kwa miguu yako. Sharti uliliweka mwenyewe, basi na ulivunje mwenyewe, mbele ya watu: Oktay awepo, Mzee Durmuş awepo, asikie pia yule anayekunja miavuli. Usianze na medali, usianze na Hispania, usianze na kulia, utalia baadaye. Mshike mkono ule wa kutupia na umwambie hivi: "Yonca, yale ya aproni nimeyafuta. Kamba zikikushinda, tupa. Tupa mapema, tupa hata kama ungeweza kuzisokotoa, tupa mbele ya dunia nzima, na baklava nitaipika mimi. Siku nitakayouona ule mwavuli mweupe umefunguka, nitapiga vigelegele kuliko vya Oktoba, maana nitajua mwanangu anakuja."

Rudia mpaka uone amekuamini, kwa sababu umemfundisha kinyume chake kwa muda mrefu.

Ukishaona ameamini, mhalalishie maziwa. Usingoje akuombe. Ameomba vya kutosha.